Karani wa Mizani Apima Shokapu

Kila nilipokamata breki pua ilizama,
na kila pua ilipozama, helmeti ya Minza
iligonga kisogo cha helmeti yangu: ko!
Tuta la Igogo, ko. Mbuzi wa Mkuyuni, ko.
Miaka kumi na minne tumezungumza hivyo,
mimi mbele, yeye nyuma,
juu ya pikipiki kubwa ya mwaka tisini na moja,
kifua kipana cha kukatia upepo, mabegi mawili ubavuni,
injini ingali na hamu ya kufika Shinyanga
lakini magoti yamekwisha.

Nilikuwa karani wa mizani kwenye kinu cha pamba.
Silikubali neno "kidogo". Kidogo ni kilo ngapi?
Basi nikafunga uzi kwenye mguu wa shokapu,
nikapanda, nikashuka, nikapima kwa rula ya mjukuu:
sentimita sita zimeliwa kabla ya safari kuanza.
Nikampandisha Minza. Sita na nusu.
"Usiniangalie mimi," akasema. "Angalia springi."

Nkwimba ana gereji Mabatini, chini ya mawe
yanayokaa juu ya mawe wenzake bila nati wala boliti.
Hakuisifia pikipiki. Akang'oa tairi, akafungua breki,
akachomoa miguu yote miwili
na kuipindua juu ya beseni.
Harufu yake!
Mafuta meusi, yamevunda
kama dagaa walionyeshewa siku tatu Kirumba.
Paka wa muuza chapati alikuja mbio, akanusa,
akatutazama kama watu tuliomdhulumu,
akaondoka.
"Haya uliyaweka lini, mzee?"
Nikaanza kuhesabu marais.

Springi mpya zilikuja kwa basi kutoka Dar,
ngumu, zimeviringwa gazetini,
bei yake sijamwambia Minza hadi leo.
Kutu ilikuwa imechimba vishimo pale sili inapopita;
Nkwimba akavisugua kwa msasa na maji, taratibu,
kama anayemwosha mtoto mwenye upele.
Kisha akakata vipande viwili vya bomba la plastiki
vya kujazia nafasi juu ya springi.
Nikaomba nivipime.
Vilipishana milimita moja.
"Milimita moja tu, mzee?"
Kwa milimita moja ya mshale, nikamwambia,
nimeona mkulima akiibiwa gunia.
Akakata tena.

Mafuta mapya ni mekundu kama juisi ya rozela.
Aliyamimina kwa kikombe cha dawa ya kikohozi,
akiusukuma mguu juu, chini, juu, chini,
mpaka ukaacha kukohoa hewa.
Kipya kinyemi ingawa kidonda, husema watu.
Mimi sikutaka kinyemi.
Nilitaka chuma kijue kazi yake.

Jumamosi tukatoka, ziwa mkono wa kulia
limelala bapa, mawe yananawa miguu.
Tuta la Igogo: pua ilishuka, ikafikiri, ikarudi.
Ilishuka kama mtu mzima anavyokaa kitini,
si kama gunia lililotupwa.
Mkuyuni, mbuzi yuleyule, au mwanawe,
akakata barabara.
Nikakamata breki kwa vidole vyote vinne
na kukaza shingo, nikingoja.

Kimya.

Nikadhani nimemwangusha.
Nikageuka: yupo, amenyooka kama bibi harusi,
anatazama maji.

Nitasema ukweli, kwa kuwa mizani haipendi uongo:
baada ya Nyegezi nilikamata breki mara mbili
barabara ikiwa nyeupe mbele yangu.
Nilikuwa natafuta nini? Shokapu zikanywa breki yote,
hazikubakiza hata tone la kupitisha nyuma.
Kazi safi kabisa. Nkwimba alistahili kila shilingi.
Nikaendesha kilomita kadhaa
kama mtu aliyelipa kwa hiari kukatiwa simu.

Karibu na njia panda ya Usagara,
hakuna tuta, hakuna mbuzi, breki sijaigusa:
ko!

"Simama," akasema Minza.
"Yule mama ana michembe."